Kuzima Si Kukata: Uhakiki wa Istilahi za Nyaya za Umeme katika Nyumba za Zamani

Kwa muda mrefu majadiliano yetu kuhusu istilahi za ufundi yameelekea zaidi kwenye asili ya maneno. Tumeulizana kama neno fulani ni la Kibantu, la Kiarabu au la Kiingereza, na kama ni halali kulipokea au hapana. Swali hilo lina haki yake, na utaratibu wa Baraza unalijibu vizuri: kwanza hutafutwa neno katika Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, kisha katika lugha nyingine za Afrika, na mwisho katika lugha za kigeni. Lakini katika makala haya tunakusudia kuuliza swali jingine, ambalo kwa maoni yetu halijapewa nafasi ya kutosha. Je, istilahi tulizonazo zinamwezesha fundi, msaidizi wake na mwenye nyumba kuelewana pale ambapo kutoelewana kwaweza kuua?

Tumechagua kulichunguza swali hili katika kazi moja tu, nayo ni kazi ya kubadilisha nyaya kuukuu za umeme katika nyumba ya zamani. Hatukuichagua kwa kubahatisha. Hivi karibuni tulipata nafasi ya kukaa siku kadhaa katika nyumba moja ya Ganako, Wilaya ya Karatu, wakati ikifanyiwa matengenezo. Eneo la Karatu na Oldeani lina nyumba kadhaa za namna hiyo, kwani katika miaka ya 1920 na 1930 walowezi wa Kijerumani walianzisha huko mashamba ya kahawa na kujenga nyumba za kudumu, na baadhi yake zimesimama hadi leo. Nyumba tuliyoiona imepita katika mikono ya watu wengi, na kila aliyeishi humo aliongeza taa hapa na soketi pale. Kwa hiyo juu ya dari yake mlikuwa na nyaya za vizazi vitatu: zilizovikwa mpira na uzi wa pamba, ambazo mpira wake umekauka na kupasuka kwa umri, zilizovikwa plastiki nyekundu na nyeusi, na za karibuni, za rangi ya kahawia na buluu. Mwenye nyumba ni mwalimu mstaafu. Fundi ametoka Karatu mjini, na msaidizi wake ni kijana wa hapo hapo ambaye nyumbani huzungumza Kiiraqw, kazini Kiswahili, na husoma Kiingereza kilichochapwa juu ya maboksi ya vifaa.

Siku ya pili fundi alikuwa darini, amekaa juu ya boriti, anataka kufungua muungo wa taa ya ukumbini. Akapaza sauti, “Kijana, umezima?” Kijana akajibu kwa heshima, “Nimezima, fundi.” Alikuwa amesema kweli, kwani taa ya ukumbini alikwisha kuizima kwa swichi ya ukutani. Fundi, ambaye ni mtu mzima na mwangalifu, hakuridhika na jibu. Alichukua bisibisi ya kupimia akaugusa waya, na kitaa cha bisibisi kikawaka. Alishuka taratibu, akatoka nje na kuzima swichi kuu kwa mkono wake mwenyewe. Hakuna aliyeumia. Mwalimu alipouliza kumetokea nini, fundi alisema kijana “hakukata”, kijana alisema aliambiwa “azime”, na mwalimu akahitimisha kuwa nyumba ina “shoti”. Watu watatu waliokuwa mahali pamoja walilieleza jambo moja kwa maneno matatu, na hakuna neno lililolieleza sawasawa. Kisa hiki ndicho kilichotufanya tuandike.

Kuzima, kukata na kutenga

Hapana shaka kwamba “kuzima” ni neno letu wenyewe, tena neno zuri. Tatizo lake ni kwamba lilizaliwa kwenye moto. Koroboi ikizimwa, moto haupo tena, na mtu aweza kuishika bila hofu mara inapopoa. Tulipoleta taa ya umeme tulichukua neno lile lile, nalo likaja na dhana yake yote, kwamba kilichozimwa hakina madhara. Lakini swichi ya ukutani hufanya kazi moja tu, nayo ni kuukatiza mzunguko unaopita kwenye taa. Katika nyumba nyingi za zamani, na ndivyo ilivyokuwa Ganako, fundi wa kwanza aliifunga swichi kwenye waya wa kurudi badala ya waya unaoleta umeme. Swichi ya namna hiyo huiondoa nuru, ila holda ya taa na waya mzima unaoelekea kwenye swichi hubaki na umeme kamili. Kijana alizima, na umeme ukabaki pale pale.

Wengine watasema kwamba neno sahihi lilikuwa “kukata”. Tunakubali kwamba ni bora kuliko la kwanza, lakini nalo lina upungufu. Kila siku twasema “umeme umekatika” tukiwa na maana kwamba mtaa mzima hauna umeme kwa sababu ya hitilafu ya njia au mgao. Umeme uliokatika hurudi bila taarifa. Mtu anayejifunza ufundi kwa kusikiliza aweza kuona kwamba “umekatika” na “umekatwa” ni mamoja, akaanza kazi wakati wa mgao bila kugusa swichi kuu. Tofauti ya kauli ya kutendeka na kauli ya kutendwa, ambayo walimu huifundisha darasani kama jambo la sarufi tu, hapa ni tofauti ya uhai na mauti.

Kwa sababu hiyo tunaona kuwa zahitajika dhana tatu zenye majina matatu. “Kuzima” kubaki kwa kifaa: taa, jiko, pasi. “Kukata” kuwe kwa mzunguko mzima, kwenye sanduku la fyuzi au swichi kuu. Na “kutenga” kuwe kukata, kisha kufunga kwa kufuli au kuondoa fyuzi ili mtu mwingine asiweze kurudisha, kisha kupima ili kuthibitisha kwamba waya hauna umeme. Neno “kutenga” tayari limo katika lugha, na kila mtu anajua kwamba kilichotengwa kimewekwa mbali na vingine kwa makusudi. Fundi anayeuliza “Umetenga?” anauliza mambo matatu kwa mpigo, na kijana hawezi kujibu “ndiyo” kwa kubonyeza swichi ya ukumbini.

Neno moja, hatari mbili

Neno “shoti” limeenea kiasi kwamba kulipinga kwa sababu ya asili yake ya kigeni kungekuwa kupoteza wakati. Sisi tunalipinga kwa sababu nyingine. Mtu aliyeguswa na umeme husemwa kuwa “amepigwa shoti”. Nyaya mbili zilizogusana na kutoa cheche husemwa kuwa “zimepiga shoti”. Mambo haya mawili yana chanzo tofauti, madhara tofauti na kinga tofauti. Nyaya mbili zikigusana, mkondo mkubwa sana hupita kwa ghafla, na fyuzi huyeyuka au kikatizi hujifyatua. Umeme ukipita katika mwili wa binadamu, mkondo huwa mdogo mno, na fyuzi haina habari. Ndiyo maana vifaa vya kisasa vya kumlinda mtu hupangwa kukata pindi mkondo unaovuja unapofikia miliampia 30 tu. Mwananchi aliyezoea neno moja kwa mambo mawili huamini kwamba fyuzi inayolinda nyaya inamlinda yeye pia. Imani hiyo ni ya uongo, na lugha yetu imesaidia kuijenga.

Jambo la kusikitisha ni kwamba Kiswahili kilikuwa na maneno bora zaidi kabla ya “shoti” kuyafunika. “Kunaswa na umeme” ni msemo unaoeleweka kote nchini, na una picha ya kweli, kwani mkono ulioshika waya hukaza misuli usiweze kuachia, kama mnyama aliyenaswa mtegoni. Tunapendekeza “kunaswa” kwa binadamu na mnyama, na “mgusano” kwa nyaya mbili zilizokutana bila kifaa katikati yake. “Shoti” libaki katika mazungumzo ya mtaani ambako hatuna uwezo wa kulifukuza, ila lisiingie katika vitabu, ripoti wala mitihani.

Rangi si jina

Mafundi wengi huzitaja nyaya kwa rangi: “mwekundu”, “mweusi”, “wa buluu”. Desturi hii inaeleweka, kwani rangi huonekana kwa macho na haihitaji tafsiri. Lakini rangi ni makubaliano ya wakati na mahali, nayo hubadilika. Uingereza, ambako tulirithi sehemu kubwa ya desturi zetu za kufunga umeme majumbani, ilikuwa na waya mwekundu wa kuleta umeme na mweusi wa kurudi. Mwaka 2004 ilianza kutumia kahawia na buluu, na tangu Aprili 2006 kazi zote mpya zikatakiwa kufuata rangi hizo. Katika umeme wa fezi tatu mabadiliko hayo yana mtego mkubwa. Buluu, ambayo zamani ilikuwa moja ya nyaya za kuleta umeme, sasa ni ya kurudi; nyeusi, iliyokuwa ya kurudi, sasa ni moja ya nyaya za kuleta. Nako Ujerumani, hadi katikati ya miaka ya 1960, waya mwekundu ndio uliokuwa wa kinga.

Kwa hiyo mtu anayefungua dari ya nyumba ya zamani hajui, kwa rangi peke yake, waya alioushika una kazi gani. Katika nyumba ya Ganako tuliona muungo ambao waya mweusi umefungwa na waya wa buluu, na mwekundu na wa kahawia. Safari hiyo ulikuwa sahihi. Mwingine, chumba cha pili, ulikuwa umegeuzwa. Hapana budi istilahi itaje kazi ya waya, na rangi iachwe iwe alama tu.

Sasa tuyatazame majina ya kazi. Mafundi husema “moto”, “nyutro” na “ethi”. La kwanza lina nguvu ya kuonya, na tungelipokea moja kwa moja kama si kasoro moja: “waya huu una moto” laweza kuwa na maana kwamba una umeme, au kwamba umepata joto kwa kuzidiwa. Katika nyumba kuukuu mambo yote mawili hutokea, na waya wenye joto ni dalili ya hatari ambayo inapaswa kuwa na jina lake. Tunashauri “waya wa moto” likubaliwe kama jina la waya wenyewe, ila hali ya kuwa na umeme isemwe “una umeme”, na hali ya kupata joto isemwe “una joto”.

“Nyutro” halimwambii Mswahili kitu chochote. Wapo wanaopendelea “waya baridi” ili kukamilisha jozi na “moto”. Jozi hiyo inapendeza masikioni, lakini tunaipinga kabisa. Waya wa kurudi ukikatika mahali fulani kabla ya kufika kwenye sanduku, sehemu yake iliyo upande wa taa hupata umeme wote kupitia taa yenyewe. Jina linaloahidi ubaridi litamfanya mtu auguse bila kupima. “Waya wa kurudi” haliahidi usalama wowote. Laeleza tu kwamba mkondo uliokwenda hurejea kwa njia hii, na kwa hiyo laeleza pia maana ya mzunguko.

Kuhusu “ethi”, tafsiri iliyozoeleka ni “waya wa ardhi”. Ni tafsiri ya neno, si ya dhana. Tumewahi kuona waya uliochomekwa kwenye udongo mkavu nyuma ya nyumba kwa urefu wa kidole, na mwenye nyumba akaridhika, kwa kuwa jina lilimwambia kwamba ardhi ndiyo inayotakiwa. Kazi ya waya huo ni kuupa umeme uliovuja njia nyepesi ya kuondokea, ili kifaa cha kukata kipate habari na kikate kabla mtu hajanaswa. Basi na uitwe “waya wa kinga”, na fimbo ya chuma inayopigiliwa ardhini iitwe “nondo ya kinga”. Udongo ni mahali tu.

“Hitilafu ya umeme”

Hadi hapa tumewahakiki mafundi. Haki inatutaka tuwahakiki pia wale wanaoandika ofisini, maana makosa yao yana mhuri. Nyumba, soko au bweni likiungua, taarifa husema kwamba chanzo “kinasadikiwa kuwa ni hitilafu ya umeme”. Maneno haya yamekuwa kama hati ya kufungia mazungumzo. Umeme hauna hitilafu. Umeme hufanya kila mara jambo lile lile. Hitilafu imo katika nyaya, katika muungo, au katika uamuzi wa mtu.

Hitilafu hizo ni aina nne kwa uchache. Ya kwanza ni kuzidiwa kwa waya, yaani vifaa vingi mno kwenye waya mwembamba. Ya pili ni mgusano. Ya tatu ni mvujo, yaani umeme kutoka nje ya njia yake na kuingia ukutani, kwenye bati au mwilini. Ya nne ni muungo uliolegea. Fyuzi ya kiasi sahihi hukomesha ya kwanza na ya pili, isipokuwa kama mtu ameondoa uzi wake na kuweka waya mnene au msumari. Ya tatu yahitaji waya wa kinga na kikatizi cha mvujo. Ya nne haikomeshwi na fyuzi wala kikatizi cha mvujo, kwani muungo uliolegea hupata joto bila mkondo kuzidi wala kuvuja. Dawa yake ni kukagua na kukaza. Ofisa anayeandika “hitilafu ya umeme” amezifunga dhana nne katika furushi moja, na anayesoma taarifa hawezi kujifunza lolote litakaloiokoa nyumba yake. Tungefurahi kuona taarifa zikitaja aina, na pale uchunguzi usipokamilika, zikisema wazi kwamba haujakamilika.

Kuhusu maneno ya kupokea

Isidhaniwe kwamba tunapinga maneno yaliyotoka nje. Waya, fyuzi, swichi, soketi na plagi yamekwisha kuwa maneno yetu, na hakuna dhana inayodhurika kwayo. “Waya” hata limepata wingi wa “nyaya”, kama vile wavu na nyavu, wayo na nyayo. Neno lililopewa ngeli na watu wenyewe limekwisha kupewa uraia. Kwa upande mwingine “umeme”, ambalo ni neno letu la tangu enzi za radi, limewafaa Watanzania, ilhali wenzetu wa Kenya wakisema “stima”, na hakuna ajali iliyoletwa na tofauti hiyo. Kwa hiyo kipimo tunachokipendekeza ni hiki: neno la kigeni lisilochanganya dhana lipokewe, neno lolote, la kigeni au la kwetu, linalochanganya hatari mbili au linaloficha hatari moja, lirekebishwe.

Kwa kipimo hicho “mzunguko” linastahili kupewa kipaumbele mbele ya “saketi”, ambalo hata tahajia yake haijatulia, wengine wakiandika “sakiti”. Linastahili pia mbele ya “njia” la mafundi, kwa kuwa njia yaweza kuwa ya kwenda tu, nao mzunguko lazima urudi.

Nani atayatumia?

Kuna hoja moja ambayo wasomaji wataitoa, nayo ni ya haki. Tangu Baraza lilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1967 zimetolewa istilahi nyingi, na nyingi kati yake zimebaki vitabuni. Kwa nini hizi zisibaki huko?

Jibu letu tunalipata katika neno LUKU. Maneno “Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo” yalikuja pamoja na mita yenyewe, yakatajwa dukani, yakaandikwa katika risiti, na leo hakuna mtu anayehitaji kuelezwa. Neno lilisafiri na kifaa. Istilahi za nyaya nazo zapaswa kusafiri hivyo hivyo: zichapwe kwenye mifuniko ya masanduku ya fyuzi, zitumike katika mitihani ya vyuo vya ufundi stadi, na ziwe katika masharti wanayoyasoma mafundi wanaoomba leseni. Wakati huu ni wa kufaa, kwa sababu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yamekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria nchini. Kanuni za ufundi zitatafsiriwa, apende mtu asipende. Mfasiri atakayekuta “shoti” na “ethi” hazina wenzi sanifu atayachukua kama yalivyo, na kosa la karakana litakuwa kifungu cha kanuni.

Kazi ya Ganako ilikamilika siku ya sita. Nyaya za mpira zote zilitolewa, kila mzunguko ukapata waya wa kinga, swichi zikahamishiwa kwenye waya wa moto, na sanduku jipya likafungwa ukumbini. Fundi alimwomba mwalimu aandike juu ya mfuniko, kwa kuwa mwandiko wake ni mzuri. Mwalimu alituuliza aandike nini. Baada ya kushauriana na fundi tuliandika: “Taa za mbele”, “Taa za nyuma”, “Soketi”, “Jiko”, na chini yake, “Kata, funga, pima, ndipo uguse.” Kijana aliyasoma kwa sauti, akauliza kama kukata na kuzima si kitu kimoja. Fundi ndiye aliyemjibu, akamweleza kwa kirefu, na safari hii wote wawili walitumia maneno yale yale.

Tunawaomba walimu wa vyuo vya ufundi, wafasiri na maofisa wanaoandika taarifa za ajali wayapime mapendekezo haya katika kazi zao, na watuletee maoni, hasa pale wanapoona kwamba neno tulilolitoa nalo lina hatari ambayo hatukuiona.